Posho, Hongo na Gharama za Njia

Kiswahili kina maneno mawili yaliyokulia njiani: posho na hongo. Yote mawili yalitumika katika misafara ya wapagazi baina ya pwani na maziwa makuu, miaka mingi kabla ya reli na kabla ya barabara za lami. Leo tunayatamka kila siku maofisini, mabarazani na katika vijiwe vya kahawa, ila maana zake zimebadilika, na mabadiliko hayo yanatufundisha jambo. Mtu anayetaka kuuelewa ugomvi uliopo kati ya madereva wa malori na matajiri wao, yaani wenye magari, ningemshauri aanze na maneno haya kabla ya kufungua kitabu cha sheria.

Nasema hivyo kwa sababu watu wengi hudhani kuwa ugomvi huo ni wa mshahara tu. Mshahara umo, na nitaugusa. Lakini kwa muda niliokaa nikiwasikiliza madereva nimeona kwamba mara nyingi kinachowachoma zaidi ni kitu kingine: fedha walizotoa mifukoni mwao ili mzigo wa mtu mwingine ufike, kisha wasirudishiwe. Hilo ni swali la kale. Njia ina gharama zake. Je, gharama hizo ni za mwenye mzigo au ni za anayeubeba?

Tuanze na misafara. Katika karne ya 19 mpagazi aliyetoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, mahali ilipo Tabora ya leo, au kuendelea mpaka Ujiji, alibeba mzigo wa ratili 60 hadi 70, yaani takriban kilo 30, kichwani au begani. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, watu walioifanya kazi hii kuwa fani yenye taratibu zake. Kabla ya kuondoka walipatana vitu viwili. Kwanza ujira, ambao kwa muda mrefu ulilipwa kwa nguo kama merikani na kaniki. Pili posho, yaani chakula cha kila siku cha safari, na kipimo kilichozoeleka kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Mahali ambapo nafaka haikubebwa, mpagazi alipewa nguo ya kununulia chakula. Nguo hiyo ilipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka, na shuka mbili ni doti.

Angalia vizuri mapatano hayo. Ujira ulikuwa malipo ya jasho lake. Posho ilikuwa gharama ya kumwezesha kutembea, na kwa hiyo ilikuwa juu ya mwenye msafara, sawa na kamba za kufungia mizigo. Hakuna aliyemwambia mpagazi kwamba kibaba chake ndicho ujira wake.

Matatizo yalianza bei zilipobadilika. Shuka iliyonunua chakula cha kutosha mahali palipovuna vizuri haikununua hata nusu yake katika nchi kavu kama Ugogo. Ikiwa mwenye msafara aling'ang'ania kipimo kile kile, wapagazi waliweka mizigo chini. Wengine walitoroka usiku, wengine walikaa tu kimya kambini mpaka kirangozi wao aende kuzungumza na mkubwa. Wasafiri wa Kizungu wa wakati ule, kama Burton na Stanley, waliandika vitabu vilivyojaa malalamiko juu ya wapagazi wakaidi na wavivu. Nilipovisoma nikiwa mwalimu wa historia niliwaambia wanafunzi wangu wavisome mara ya pili kwa jicho la aliyebeba mzigo. Ukifanya hivyo, mengi ya yale yanayoitwa ukaidi yanageuka kuwa madai ya watu wenye njaa ambao wamepunguziwa posho.

Sasa neno la pili. Hongo katika siku za misafara ilikuwa ada iliyotolewa kwa mtemi ili msafara uruhusiwe kupita katika nchi yake na kuteka maji katika visima vyake. Misafara iliyopita Ugogo iliijua vizuri. Majadiliano yake yaliweza kuchukua siku kadhaa, na wenye misafara walinung'unika sana. Lakini waliilipa wao, kutoka katika marobota yao ya nguo. Hata tajiri mchoyo kuliko wote hakutazamia mpagazi avue shuka yake mwenyewe akamlipe mtemi. Hongo ilijulikana kuwa gharama ya biashara, na mwenye biashara ndiye aliyeibeba.

Utaratibu huo haukuvunjika siku moja. Ulivunjwa hatua kwa hatua, na pigo kubwa la kwanza lilikuwa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, lakini majeshi hayakupigana relini tu. Yalipita porini, na nyuma ya kila askari walihitajika wapagazi kadhaa. Waafrika mamia kwa maelfu walichukuliwa, wengi kwa nguvu, na makumi ya maelfu wakafa, zaidi kwa maradhi na chakula kibaya kuliko kwa risasi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Maelfu ya watu hununua vitunguu na vitenge pale kila siku bila kukumbuka kwamba wamesimama juu ya jina la watu waliodhulumiwa ujira wao.

Baada ya vita likaja gari. Mzigo ulihama kutoka kichwani ukapanda kwenye bodi la lori, na mpagazi akageuka dereva na utingo. Ni jambo la kutazamwa kwamba waandishi wa historia ya vyama vya wafanyakazi nchini wanakitaja chama cha madereva wa magari kilichoanzishwa Moshi mwaka 1927 kuwa miongoni mwa vya kwanza kabisa. Mtu anayefanya kazi peke yake barabarani, mbali na wenzake na mbali na mwajiri wake, ana sababu ya kutafuta wenzake kabla ya wengine. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam nao waligoma mwaka 1939, wakarudia mwaka 1943, na mgomo wao wa 1947 ulisambaa ukafuata njia ya reli mpaka bara. Maisha yalikuwa yamepanda bei baada ya Vita ya Pili na ujira ulikuwa umesimama palepale. Ilikuwa shuka ile ile ya Ugogo, ila sasa imechapwa sura ya mfalme na kuitwa shilingi.

Nafika sasa kwenye sehemu niliyoiona kwa macho yangu. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru wake, na Zambia, ambayo ilitegemea njia ya kusini kwa mafuta yake na kwa kusafirisha shaba yake, ikajikuta imefungwa kamba shingoni. Njia iliyobaki ilikuwa kwetu. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi katika mkoa wa Iringa, si mbali na barabara kuu iendayo kaskazini na kusini, na barabara hiyo ilikuwa bado ya vumbi kwa sehemu kubwa. Ghafla malori yalianza kupita usiku na mchana yakiwa yamebeba mapipa ya mafuta kwenda Zambia na kurudi na shaba. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya pamoja ya nchi hizi mbili, Zambia-Tanzania Road Services, kwa ajili ya kazi hiyo. Masika yalipofika barabara iligeuka bahari ya tope. Malori yalizama, mengine yalianguka milimani, na wageni wakaibandika njia ile jina la Jehanamu.

Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilikamilika mwaka 1968. Barabara ikawekwa lami katika miaka iliyofuata, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ikakabidhiwa mwaka 1976. Viongozi waliosimamia kazi hizo wanakumbukwa, na wanastahili. Lakini katika ile miaka ya kwanza, kabla ya bomba na kabla ya reli, Zambia iliokolewa na watu waliolala chini ya malori yao katika mvua ya Uhehe na Ubena, wakila ugali wa kununua kwa mama zetu.

Baadhi ya madereva wale niliwafahamu baadaye, walipokuwa wazee na mimi nimekuwa mwalimu mkuu. Waliofanya kazi katika kampuni za umma walinisimulia utaratibu wa masurufu. Kabla ya safari dereva alichukua fedha kwa mhasibu akatia sahihi. Akirudi alikabidhi risiti, akarudisha salio, au akadai kilichozidi. Kila usiku aliolala nje ya kituo chake cha kazi ulikuwa na posho yake, na ukilala siku nne kwa sababu daraja limekatika, unalipwa siku nne. Sitaki kuupamba utaratibu huo. Karatasi zilikuwa nyingi, fedha zilichelewa, na wajanja walikuwapo. Tena baada ya NUTA kuundwa mwaka 1964 wafanyakazi hawakuwa na uhuru mkubwa wa kugoma. Hata hivyo lile swali la gharama za njia lilikuwa limejibiwa, na lilijibiwa kama walivyolijibu watu wa misafara.

Utaratibu huo nilikuwa nikiufahamu mwenyewe, maana ndio uliotumika kwetu walimu. Nilipotumwa wilayani kufuata mitihani au mkoani kwenye mkutano wa wakuu wa shule, nilijaza fomu ya masurufu. Mara nyingine fedha zilichelewa hata miezi mitatu, nasi tulilalamika kweli kweli. Lakini katika miaka yangu yote ya kazi, tangu nilipotoka chuo cha ualimu mpaka nilipostaafu, hakuna ofisa aliyeniambia kwamba nauli ya basi niliyolipa kwa kazi ya serikali imo tayari ndani ya mshahara wangu. Ingekuwa kichekesho.

Kichekesho hicho ndicho walichokutana nacho madereva. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, uchumi ulipofunguliwa, mashirika ya umma ya usafirishaji yalidhoofika moja baada ya jingine, na malori yakawa mikononi mwa watu binafsi. Biashara ilikua. Leo bandari ya Dar es Salaam hupokea mizigo ya Zambia, Kongo, Malawi, Rwanda na Burundi, na vijana wengi wamepata kazi ambayo wazazi wao hawakuipata. Nalikiri hilo kwa moyo mmoja. Ila masurufu yaliondoka, na mahali pake pakaja kitu ambacho madereva wanakiita mileji.

Mileji ni fungu moja la fedha analopewa dereva kwa safari nzima. Humo ndani achukue chakula, malazi, maegesho, mlinzi wa usiku, kuziba pancha, vocha ya simu, na kila senti nyingine itakayodaiwa njiani. Kikibaki ni chake, kikipungua ni shauri yake. Kwa mtazamo wa kwanza ni utaratibu safi usio na karatasi, na safari ikienda vizuri dereva hujipatia kitu. Kasoro yake huonekana safari inapokwama. Mileji huhesabu safari, lakini tumbo huhesabu siku.

Nitaeleza mfano mmoja ninaoujua kwa undani. Mwaka 2018 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa dereva wa kampuni ambayo sitaitaja. Mshahara wake ulikuwa Sh 200,000 kwa mwezi, ambacho kilikuwa ndicho kima cha chini cha usafirishaji wa nchi kavu kwa Amri ya Mishahara iliyoanza kutumika Julai 2013. Mkataba wa maandishi hakuwa nao. Alipewa mileji ya Sh 700,000 kwa safari ya Lubumbashi, kwenda na mzigo wa dukani na kurudi na shaba, safari iliyokadiriwa siku 14. Ilimchukua siku 27. Alikaa siku 5 Tunduma na siku 11 pale Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, katika foleni ya malori iliyokuwa ndefu kuliko kijiji chetu. Kucheleweshwa huko hakukuwa kosa lake. Nyaraka za mzigo zilikuwa hazijakamilika, na nyaraka si kazi ya dereva.

Siku ya 16 fedha zilikwisha. Alimpigia simu tajiri, akajibiwa kwamba mileji alishapewa. Akampigia mkewe. Mkewe akauza magunia manne ya mahindi yaliyokuwa akiba ya nyumba mpaka mavuno, akamtumia fedha kwa simu. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi. Tani 30 za shaba zina thamani ya mamia ya mamilioni ya shilingi. Tani hizo, kwa hesabu ya zamani, ni mzigo wa wapagazi 1,000. Na shaba hiyo yote, ya kampuni kubwa za dunia, ilifika bandarini kwa sababu mwanamke mmoja wa Makambako alikubali watoto wake wale kwa kubana. Yeye ndiye aliyewakopesha matajiri wale, bila riba na bila kuombwa.

Aliporudi, mpwa wangu alipeleka madai ya Sh 385,000. Yalikataliwa yote. Zaidi ya hayo alikatwa Sh 180,000 kwa ajili ya turubai lililoibiwa usiku katika foleni, hivyo mwezi ule akapokea mshahara wa Sh 20,000. Alipouliza aliambiwa kwamba kama hapendi akabidhi funguo, maana wenye leseni wako wengi nje ya geti.

Akaja kwangu. "Shikamoo mjomba," akasema, "nimekuja na daftari." Hapo moyo wangu ulifurahi kidogo katikati ya huzuni, maana tangu alipoanza kazi nilimsisitizia kuandika matumizi yake yote, tarehe kwa tarehe. Tuliketi tukayapanga madai katika mafungu, tukabandika risiti kwenye karatasi, kisha akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Hapa nieleze sheria inavyosema, kwa kuwa madereva wengi hawajaelezwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya masharti ya kazi, pamoja na malipo yake na jinsi yanavyokokotolewa. Ikitokea kesi na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa ni wa mwajiri. Yaani kukosa mkataba kunamwelemea tajiri kuliko dereva, kinyume na wanavyoamini wengi. Pia mwajiri hawezi kukata mshahara kwa hasara yoyote anavyopenda. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu yake, na apewe nafasi ya kujitetea. Hata hapo makato hayapaswi kuzidi robo ya malipo yake ya fedha. Robo ya Sh 200,000 ni Sh 50,000. Na mwenye madai kama haya, yasiyohusu kuachishwa kazi, anatakiwa ayapeleke Tume ndani ya siku 60. Mpwa wangu alikwenda siku ya 41. Wengi hufika siku zimekwisha kwa sababu wako njiani.

Mambo yalimalizika kwenye usuluhishi. Fedha za turubai zilirudishwa zote, na katika yale madai mengine alilipwa Sh 240,000 zilizokuwa na risiti. Zilizobaki Sh 145,000 zilipotea. Kati ya hizo zilikuwamo fedha za maji ya kuoga, za vijana waliolinda gari usiku, na nyingine ambazo aliziandika katika daftari kwa herufi moja tu: H. Nilipomuuliza, akacheka bila furaha. "Mjomba, risiti ya hongo utaipata kwa nani?"

Hapo ndipo neno letu la pili lilipofika. Hongo imeacha kuwa ada ya mtemi, imekuwa kosa la jinai, na ni haki iwe hivyo. Anayeitoa ana hatia kama anayeipokea, nami nilimwambia mpwa wangu hivyo bila kumung'unya maneno. Lakini haki nyingine imepotea njiani pamoja na neno hilo. Zamani tajiri alisimama mwenyewe mbele ya mwenye njia akabishana naye. Siku hizi dereva husimama peke yake usiku, gari likiwa na dosari ambayo tajiri aliijua na hakuitengeneza, na anayezuiwa akikosa fedha ni yeye. Tajiri amekaa mbali, mikono yake safi, na vitabu vyake vya hesabu havina herufi H hata moja.

Mpwa wangu alilipwa, lakini gari hakupangiwa tena. Alikaa nyumbani miezi miwili kisha akapata kazi kwa tajiri mwingine. Nayaeleza haya ili nisimdanganye kijana yeyote kwamba kudai haki hakuna gharama.

Ni wajibu wangu pia kusikiliza upande wa pili. Mwalimu mwenzangu mmoja, baada ya kustaafu, alinunua lori kuukuu kwa mkopo. Alinieleza mateso yake. Dereva wa kwanza alimwuzia mafuta njiani. Wa pili alimletea risiti za matairi ambayo hayakununuliwa. Wa tatu alibeba abiria juu ya mzigo. "Mwalimu," aliniambia, "nikimpa masurufu ananiletea hadithi, nikimpa mileji nalala usingizi." Sina sababu ya kutomwamini. Benki ilimdai kila mwezi, lori likiwa barabarani au limekwama mpakani, na aliyemkodisha mzigo hakumlipa chochote kwa siku za kusubiri. Wizi ni wizi, na dereva anayechota mafuta anawaharibia wenzake wote.

Hata hivyo nilimwuliza swali moja: kama dereva akijua kwamba kila siku atakayokwama italipwa, na kila pancha yenye risiti itarudishwa, je, idadi ya wanaochota mafuta itaongezeka au itapungua? Alifikiri kwa muda mrefu. Mtu mwaminifu anayeona mileji yake imekwisha siku ya 16 ana milango mitatu mbele yake: akope, auze mali ya nyumbani, au auze mafuta ya tajiri. Tumeujenga utaratibu unaomjaribu, kisha tunashangaa akijaribika.

Madereva wenyewe wamejaribu kusema kwa pamoja. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima, na wasafiri wakakwama katika kituo cha Ubungo na kwingineko. Jambo lililowasha moto lilikuwa agizo la kuwataka warudi darasani kila wanapohuisha leseni, kwa gharama zao, na pamoja na hilo walidai mikataba ya ajira. Mapema Mei wakagoma tena, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda kamati ya kushughulikia madai yao. Magazeti mengi yaliandika juu ya adha ya abiria, nayo ilikuwa adha kweli. Mimi niliposoma madai yao niliona swali lile lile: mafunzo yanayohitajiwa na kazi yalipiwe na nani? Wapagazi wa Ugogo wangewaelewa mara moja.

Mwaka 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde, ili ukaguzi wa nchi mbili ufanywe mahali pamoja. Hilo ni jema, maana siku moja inayopungua mpakani ni chakula cha siku moja kwa dereva. Lakini foleni hata ikifupishwa namna gani, njia haitakosa gharama. Daraja litakatika, mgonjwa atalala, tairi litapasuka.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache ambayo hayahitaji sheria mpya. Mkataba uandikwe, na ndani yake mshahara na gharama za safari vikae katika mistari miwili isiyochanganywa. Mileji ihesabiwe kwa siku, na siku za kusubiri zisizo za kosa la dereva zilipwe na mwenye mzigo, kupitia kwa mwenye gari, kama meli zinavyolipiwa zinapokawizwa bandarini. Dereva naye aandike daftari, atunze risiti, na akubali kukaguliwa bila kununa. Na vyama vya madereva viwafundishe wanachama wao zile siku 60, kwa maana haki iliyopitwa na muda haimsaidii mtu.

Nimewafundisha watoto historia kwa miaka mingi, na wengi walidhani ni habari ya wafalme na vita. Ningali nawaambia wajukuu zangu waitafute pia katika hesabu ndogo ndogo: kibaba cha nafaka, shuka ya mikono minne, risiti ya pancha. Wenye misafara ya kale hawakuwa watu wema. Baadhi yao walifanya biashara ya kuuza binadamu. Hata hivyo walielewa kwamba anayebeba mzigo hawezi pia kubebeshwa njia, na walilipa posho kwa sababu bila hiyo msafara haukwendi. Katika nchi huru yenye sheria nzuri iliyochapishwa, nadhani si mengi kuwaomba wenye mizigo wa leo wafike angalau pale.